Namna ya kuifunga pesa ya giza kabla mbalamwezi haijafika

Katika ufukwe wa Kibirizi, hapa Kigoma, mwezi una sehemu mbili zisizofanana. Usiku wa giza wavuvi huingia Ziwa Tanganyika na taa zao, dagaa huufuata mwanga, na alfajiri mitumbwi hurudi ikiwa imejaa. Mbalamwezi inapokuwa kali taa hazivuti kitu cha maana, nyavu huanikwa, na kwa wiki moja au zaidi kidogo ufukwe hukaa kimya. Mvuvi, mchuuzi, mama anayeanika dagaa na kijana anayebeba mabeseni, wote huijua kalenda hii kuliko wanavyozijua tarehe za ukutani. Hata hivyo, kila mbalamwezi inapofika, watu walewale hukopa unga kwa mwenye duka yuleyule, nao ndio waliokuwa na noti mkononi siku 10 tu zilizopita.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaonunua dagaa wabichi, wakawaanika na kuwauza kwa wafanyabiashara wanaowapeleka mikoa mingine. Kwa miaka kadhaa nimeandika kwenye daftari la kikundi nani kaweka nini na lini, na daftari hilo limenifundisha kwamba tatizo letu si ujinga wala uvivu. Mama anayeamka saa 9 usiku kungoja mitumbwi si mvivu, na hakuna asiyejua kwamba mbalamwezi inakuja, kwa kuwa anauona mwezi ukijaa kila jioni. Tatizo ni kwamba uamuzi wa kuweka akiba tunaufanya katika saa mbaya kuliko zote, yaani pale pesa ikiwa mkononi na haja ikiwa mlangoni. Mwongozo huu unahusu namna ya kuuhamisha uamuzi huo ukafanyike siku nyingine, na namna ya kuufunga ili usifunguke kirahisi.

Hesabu inayotudanganya

Wataalamu wa uchumi wa tabia huliita jambo hili upendeleo wa sasa. Maana yake ni kwamba mtu hukipa kilicho mbele yake leo uzito wa ziada ambao hakipi kitu kingine chochote, hata cha kesho asubuhi. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, aliueleza mwaka 1981 kwa mfano wa tufaha: wapo watu watakaochagua tufaha moja leo badala ya mawili kesho, lakini hakuna atakayechagua tufaha moja baada ya mwaka mmoja badala ya mawili baada ya mwaka mmoja na siku moja. Siku ya kungoja ni ileile moja. Kilichobadilika ni kwamba katika swali la kwanza limo neno "leo".

Mwaka 1997 mchumi David Laibson aliiweka tabia hiyo katika hesabu nyepesi ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Kila kitakachotokea baada ya leo hukatwa mara moja kwa kiwango kilekile, kisha ndipo thamani yake hupungua polepole kadiri siku zinavyosogea. Tumchukue mtu ambaye moyo wake hukata nusu. Shilingi 10,000 ya leo kwake ni 10,000, ya kesho anaiona kama 5,000, na ya wiki ijayo nayo anaiona karibu sawa na 5,000. Kati ya kesho na wiki ijayo ana subira kubwa, lakini kati ya leo na kesho hana subira hata kidogo. Ndiyo sababu mtu huapa kwa moyo mweupe siku ya Jumapili kwamba Jumatano ataweka akiba, na Jumatano ikifika anashindwa. Jumapili hakuwa akidanganya, kwa maana siku hiyo Jumatano na mbalamwezi zote zilikuwa mbali naye, akazipima kwa mizani moja. Jumatano ilipogeuka kuwa leo, mizani ililala upande mmoja.

Wahenga walisema asemaye kesho ni mwongo, nami naukubali usemi huo nikiongeza kwamba anayedanganywa wa kwanza ni msemaji mwenyewe. Mwaka 1999 Ted O'Donoghue na Matthew Rabin waliwagawa watu wenye upendeleo huu katika makundi mawili. Wapo wasiojijua, ambao kila siku huamini kwamba kesho watakuwa watu wengine, na wapo wanaojijua, ambao hutabiri mapema kwamba watashindwa na hivyo hujiwekea uzio. Udhaifu wao unaweza kuwa sawa kabisa, lakini matokeo yakatofautiana sana, kwa sababu asiyejijua haoni haja ya kujenga uzio wowote. Basi kabla hujaendelea na hatua zinazofuata, kumbuka mbalamwezi tatu zilizopita, uandike ulikusudia kuwa na kiasi gani na ulikuwa na kiasi gani kweli. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo utakalolifanyia kazi.

Lipo jambo ambalo lazima nilitenge hapa, kwa kuwa limewaumiza watu wengi wanaohubiriwa kuhusu akiba. Si kila anayetumia pesa leo anaongozwa na upendeleo wa sasa. Mwenye mtoto mwenye homa akinunua dawa, au mwenye njaa akinunua chakula, amefanya hesabu sahihi, na hakuna mwongozo unaostahili kumsuta. Ninayoyasema yanahusu pesa ile ambayo mwenyewe, akiwa ametulia, hukiri kwamba alitaka iende kwingine.

Andika mwezi mzima kwenye ukurasa mmoja

Chukua daftari, fungua ukurasa mmoja, uandike siku zote za mwezi wa angani, ambazo ni 29 au 30. Weka alama kwenye siku za giza ambazo kwa kawaida unauza, kisha weka alama nyingine kwenye siku ambazo pesa inahitajika: kodi ya chumba, unga, ada, marejesho ya mkopo, magunia mapya. Kwa wengi wetu alama hizi mbili hazikutani kabisa. Mwalimu au muuguzi atafanya vivyo hivyo akianzia siku ya mshahara, na mkulima wa Kasulu au Kibondo ataandika mwaka mzima badala ya mwezi, kwa sababu pesa yake huja wakati wa mavuno na mbolea huhitajika mvua zinapoanza.

Sehemu yenye faida kubwa kwenye ukurasa huo ni ya tatu, na ndiyo watu huiruka. Kwa giza moja tu, andika saa ambayo kila noti iliondoka mkononi, kabla hujaandika ilinunua nini. Tulipofanya hivyo kikundini tulishangaa kuona kwamba sehemu kubwa ya pesa ilipotea kati ya saa 3 asubuhi, wanunuzi wanapolipa, na saa 7 mchana. Wauza vitenge wanaijua saa hiyo, na ndipo hupita na mizigo yao mabegani. Ndugu wenye shida nao wanaijua. Mama akiwa ameketi pembeni ya chanja, mikono bado ina magamba na chumvi, noti zimekunjwa kwenye pindo la kanga, kila anayesimama mbele yake anaomba kitu ambacho kwa wakati huo kinaonekana kidogo. Kufikia saa 8 pindo limelegea, wala hawezi kukumbuka lilivyolegea. Baada ya kuiona saa hiyo kwenye karatasi, tuliacha kuhimizana kuhusu nidhamu na tukaanza kuuliza ni nani atakuwa na pesa hiyo ifikapo saa 4.

Amua ukiwa mbali na pesa

Uamuzi wa akiba ufanyike siku ambayo huna pesa. Sisi tunakutana wakati wa mbalamwezi, nyavu zikiwa zimeanikwa na kila mmoja akihisi ukavu wa mfuko wake, na hapo ndipo tunapokubaliana ni sehemu gani ya kila mauzo ya giza linalokuja itaondoka kabla ya kitu kingine. Tulianza na sehemu 1 kati ya 10, sasa tuko kwenye 1 kati ya 5. Weka sehemu, usiweke kiasi maalumu, kwa sababu siku ya dagaa wachache kiasi maalumu hukuvunja moyo, na siku ya dagaa wengi hukuachia mwanya. Tena usiseme utaweka kitakachobaki. Katika madaftari yote niliyoyashika sijawahi kuona kilichobaki.

Ukishaamua, malipo yenyewe yafanyike mara tu pesa inapoingia. Utafiti unaonikaa moyoni zaidi katika jambo hili ulifanyika jirani, Busia, magharibi mwa Kenya, ukachapishwa mwaka 2011 na Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson. Wakulima wa mahindi kule waliijua faida ya mbolea na walikusudia kuinunua, lakini msimu wa kuitumia ulipofika pesa ya mavuno ilikuwa imekwisha. Watafiti waliwafuata mara tu baada ya mavuno, wakawauzia hati ya mbolea kwa bei ya kawaida, na punguzo pekee likawa kwamba mbolea ingeletwa bure hadi nyumbani wakati wa kuihitaji. Hatua hiyo ndogo iliongeza matumizi ya mbolea takribani sawa na kupunguza bei kwa nusu baadaye katika msimu. Tofauti ilikuwa katika siku ya kuuliza swali: wakulima waliulizwa wakiwa na pesa, kabla ya mahitaji mengine kuwafikia.

Funzo hilo tumelitumia kwa njia isiyohitaji mradi wala mfadhili. Mmoja wetu, siku ya kwanza ya mauzo makubwa, hununua unga wa siku zote za mbalamwezi na kuuacha kwa mama mkwe wake, ambaye hautoi kabla nyavu hazijaanikwa. Mwingine hulipa kodi ya chumba cha mwezi unaofuata katikati ya giza, ingawa mwenye nyumba hamdai. Mkulima anaweza kumlipa muuzaji wa pembejeo mapema na kupewa risiti, mradi awe muuzaji anayeaminika, duka lake lina jina na stakabadhi zina mhuri.

Wenye mshahara wana njia yao iliyo rahisi zaidi. Thaler na Shlomo Benartzi waliwaomba wafanyakazi wa kampuni moja ya Marekani wakubali mapema kwamba kila nyongeza ya mshahara itakapokuja, kiwango cha akiba kitapanda pamoja nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: waliokubali walitoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40. Hawakuombwa kutoa hata senti moja ya leo. Ikiwa kazini kwako makato ya akiba huanza kwa barua moja, iandike kabla nyongeza haijaingia, kwa maana ukishaizoea mwezi mmoja, kuikata kutakuuma kama kukatwa mshahara wenyewe.

Chagua kufuli inayokutosha

Uamuzi usiofungwa ni nia tu, na nia huyeyuka saa 4 asubuhi. Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu kufuli dhaifu haizuii kitu, na kufuli kali mno huleta madhara mengine.

Nilianza na kibubu. Fundi seremala alinitengenezea kisanduku cha mbao chenye tundu la kutosha noti iliyokunjwa mara mbili, kimepigiliwa misumari pande zote, na kwa mwezi wa kwanza nilikitazama kwa fahari. Mwezi wa pili niligundua kwamba nikikipindua na kuingiza kisu chembamba, noti hutoka moja moja bila kuacha alama. Hakuna aliyeniona. Kosa lilikuwa hapo: kuifungua kufuli yangu hakukunigharimu kitu, hata aibu. Tangu hapo kila kufuli naipima kwa swali moja, kwamba nikitaka kuivunja saa hii, nitapaswa kumtazama nani usoni?

Sanduku la kikundi lina makufuli matatu na funguo zake wanazishika akina mama watatu wa mitaa tofauti, wakati sanduku lenyewe linakaa kwangu. Siku ya mkutano wote watatu hufungua mbele ya wanachama, pesa huhesabiwa kwa sauti, kila mmoja hugongewa mihuri ya hisa kwenye kijitabu chake, na kabla ya kufunga wanachama hukariri salio kwa pamoja ili mkutano unaofuata waanze kwa kulitaja. Anayetaka kuchukua pesa peke yake itambidi awaamshe watu watatu na kuwaeleza sababu. Wengi, wakifika kwa wa pili, huwa wamekwisha kubadili mawazo.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Ndugu akija na ombi, mtu anaweza kumjibu kwa heshima na kwa ukweli, "Shemeji, pesa ipo sandukuni, na funguo ziko kwa watu watatu, tukikutana Ijumaa nitaliwasilisha jambo lako." Hakuna aliyenyimwa wala aliyedanganywa. Ombi la dharura litasubiri hadi Ijumaa au litashughulikiwa na mfuko wa jamii, yaani pesa ya kikundi ya kusaidiana kwenye shida, na ombi lisilo la dharura mara nyingi halirudi.

Kwamba watu hukubali kujifunga kwa hiari limethibitishwa vizuri. Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walishirikiana na benki moja ndogo ya Ufilipino kuwapa wateja akaunti ambayo pesa isingetoka mpaka tarehe au kiasi ambacho mteja mwenyewe alikichagua, bila riba yoyote ya ziada. Katika utafiti huo uliochapishwa mwaka 2006, asilimia 28 ya waliopewa nafasi hiyo waliikubali, na baada ya miezi 12 akiba ya kundi zima lililopewa nafasi ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 81 kulinganisha na wasiopewa. Ukienda benki, uliza kama wanayo akaunti ya muda maalumu kwa viwango vidogo. Pesa ya kwenye simu ni jambo jingine. Ni salama dhidi ya mwizi, lakini haiko salama dhidi ya mwenye simu, kwa sababu wakala yuko kila kona na namba ya siri iko kichwani. Kama mtandao wako una huduma ya kuifunga pesa hadi tarehe fulani, itumie hiyo, usiiache kwenye salio la kawaida.

Kufuli ya zamani kuliko zote hapa kwetu ni tofali na bati. Watu wa Ujiji na Mwanga wanajenga kwa miaka, bati mbili mwezi huu, tripu ya mchanga mwezi ujao, na wageni huona rundo la matofali uani wakadhani mwenye nyumba ameshindwa. Laibson alieleza katika hesabu zake kwamba mali isiyouzika haraka hulinda akiba dhidi ya mwenye mali mwenyewe, na tofali ni mfano kamili wa mali hiyo: huwezi kulibadilisha kuwa kitenge saa 4 asubuhi. Udhaifu wake ni kwamba mtoto akiugua, tofali halimpeleki hospitali.

Jambo hilo lisichukuliwe kwa wepesi. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2013, kuhusu akiba kwa ajili ya afya. Kumpa mtu kisanduku cha kawaida chenye kufuli, na ufunguo akashika mwenyewe, kuliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kisanduku ambacho ufunguo wake ulishikwa na ofisa wa mradi hakikuwasaidia wengi kununua vitu vya kinga, kwa kuwa watu huogopa kutia pesa mahali ambapo hawataifikia shida ikitokea. Kuitenga pesa kwa ajili ya afya pekee kulisaidia tu pale ilipowekwa kwa ajili ya dharura, au kwa wale ambao ndugu na marafiki huwaomba mara kwa mara. Michango ya pamoja ndani ya vikundi nayo ilikuwa na nguvu sana.

Kwa hiyo igawe akiba yako mafungu mawili tangu mwanzo. Fungu la dharura likae mahali unapoweza kulifikia usiku wa manane, na kiwango chake kitokane na yaliyokwisha kukupata: angalia mwaka uliopita ulihitaji kiasi gani kwa haraka, na mara ngapi. Lililozidi hapo lifungwe kweli. Nimeona wanachama wakifunga kila kitu kwa shauku ya mwezi wa kwanza, mtoto akaugua, wakakopa kwa riba huku pesa yao ikiwa ndani ya sanduku, na baada ya hapo hawakuweka tena.

Kazi inayosogezwa kila siku

Upendeleo wa sasa huifuja pesa, na kwa kazi huwa na sura nyingine: usumbufu uko leo, faida iko mbele. Mwaka 1991 mchumi George Akerlof aliandika kisa chake mwenyewe. Alipokuwa akiishi India kwa mwaka mmoja, rafiki yake Joseph Stiglitz alimwachia boksi la nguo alitume Marekani. Akerlof alikadiria kwamba kulituma kungemla siku nzima ya kazi, na kwa zaidi ya miezi 8 aliamka kila asubuhi akiamua kwamba kesho yake ndiyo itakuwa siku ya boksi. Mwishowe, alipokaribia kurudi kwao, lilisafirishwa pamoja na mizigo ya rafiki mwingine. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, na ninakitaja kisa hiki kwa wenzangu kwa sababu kinaondoa dhana kwamba kuahirisha ni ugonjwa wa wasiosoma.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kwenda mjini kufungua akaunti kuna usumbufu unaolingana na shilingi 6,000, ukijumlisha nauli, foleni na mauzo yaliyokosekana, na kila siku ya kuchelewa inakupotezea 500. Mtu anayekata nusu anaulinganisha usumbufu wa leo, 6,000 kamili, na wa kesho: 6,000 pamoja na 500 ni 6,500, na kwa kuwa ni ya kesho anaihisi kama 3,250. Kesho inashinda kwa mbali. Kesho ikifika hesabu ni ileile, nayo inashinda tena, na baada ya siku 40 amepoteza 20,000 kwa kuikwepa kazi ya 6,000. Hakuna siku hata moja ambayo aliamua kupoteza 20,000.

Dawa yake imo ndani ya hesabu hiyohiyo. Kwa kuwa unajijua, ukisema "kesho" elewa kwamba maana yake ni wiki mbili, kwa sababu ndivyo mambo yako huenda. Weka wiki mbili kwenye mizani: 6,000 na siku 14 za 500, ambazo ni 7,000, jumla 13,000. Hata ukiikata nusu unapata 6,500, ambayo ni zaidi ya 6,000 ya leo. Sasa leo imeshinda, na hujaongeza nguvu ya moyo hata kidogo. Ninawashauri wanachama waandike kwenye daftari, pembeni ya kila kazi, ni siku ngapi kwa kawaida huichelewesha, kisha watumie namba hiyo kila wanapojisikia kusema kesho.

Tarehe ya mwisho iliyo mbali haisaidii. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019 na mwisho ulipangwa kuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Wapo waliokwama kwa kukosa namba ya kitambulisho cha taifa, na hao hawakuwa na kosa, lakini wapo pia waliokuwa nayo kwa miezi na wakapanga foleni siku za mwisho juani. Kazi kubwa igawe katika tarehe ndogo, na kila tarehe iwe na mtu anayekungoja: Jumatatu nakala za kitambulisho ukiwa na dada fulani, Jumatano picha, Ijumaa benki mkiwa watatu. Mtu aliyekwisha vaa na anakungoja barabarani ana uzito wa leo, na ndiyo kitu pekee ninachokijua kinachoweza kushindana na usumbufu wa leo.

Kuhusu mikopo ya kausha damu, yaani ile ya haraka yenye riba kali, nitasema machache. Inauzwa kwa watu wenye upendeleo wa sasa na imetengenezwa kwa kipimo chao: pesa leo, ndani ya saa moja, na marejesho katika siku ambazo bado zinaonekana nyepesi. Kanuni yetu ni kwamba mwanachama hasaini siku hiyohiyo. Analala usiku mmoja, na asubuhi anamwandikia mweka hazina jumla yote atakayorejesha na siku zitakazoangukia mbalamwezi. Wengi huishia kwenye karatasi hiyo.

Baada ya mwezi wa kwanza

Mwezi wa kwanza mpango utavunjika mahali fulani. Usiahidi kujitahidi zaidi. Rudi kwenye ukurasa, tafuta saa na mahali pesa ilipopotelea, kisha ubadilishe kitu kinachoshikika: anayeshika ufunguo, siku ya kukusanya, au sehemu inayokatwa. Kwetu kosa la kwanza lilikuwa kukusanya jioni. Tulipohamishia makusanyo palepale ufukweni, mnunuzi akilipa na mwenzetu mmoja akizunguka na mfuko na daftari, makusanyo yalitulia bila hotuba yoyote.

Ukishaimudu mbalamwezi ya wiki moja, fanya hesabu ya ile ndefu. Mwaka 2024 serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na ufukwe ukawa kwenye mbalamwezi ya miezi 3. Kifungo cha namna hiyo kinataka fungu lake lenyewe, lisilochanganywa na la unga wala la dharura. Chukua matumizi yako ya lazima ya mwezi mmoja, zidisha kwa 3, gawa kwa idadi ya magiza yaliyobaki kabla ya Mei. Namba utakayopata ikiwa kubwa kuliko uwezo wako, anza na nusu yake, na nusu iliyobaki itafutie kazi ya kufanya wakati ziwa limefungwa: bustani, mawese, ushonaji. Pesa ya kuianzisha kazi hiyo nayo itolewe wakati wa giza, wanunuzi wakiwa bado wanalipa.